Susu, Jahla na Chungu cha Maua

Jeraniamu ya kutambaa ni mmea wa Afrika ambao wengi wetu tuliujua kwanza kwenye picha za kalenda. Nyumba ya mbao, mlima wenye theluji nyuma yake, na chini ya kila dirisha maua mekundu yanayomwagika mpaka karibu yaguse dirisha la chini. Picha hiyo imekuwa kama kitambulisho cha Uswisi na Austria. Mmea wenyewe, Pelargonium peltatum kwa wataalamu, hauna undugu wowote na theluji. Kwao ni vichaka vya Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, ambako hupanda juu ya miti mifupi yenye miiba na kuweka akiba ya maji katika majani yake manene ili uvuke ukame.

Huko kwao una kazi. Majani machanga yana uchachu na huliwa, utomvu wake hutuliza koo linalouma, na petali hutoa rangi ya buluu iliyopauka ya kuchorea. Mwaka 1700 gavana wa Kiholanzi wa Rasi, Willem Adriaan van der Stel, aliupeleka Uholanzi, na mwaka 1753 Linnaeus akauingiza katika orodha yake kuu ya mimea. Uchachu na dawa vilibaki nyuma. Ulaya ilipokea kitu cha kutazama.

Nataka kuuweka utazamaji huo kando ya desturi nyingine tatu za kutia mmea chunguni au kutundika kitu juu: nyua za Córdoba, pwani yetu ya Rufiji na Kibiti, na Omani, ambako boriti za Rufiji zilikwenda. Watu wa bustani hukizungumzia kikapu kinachoning'inia kama suala la umwagiliaji. Wana haki, na nitafika huko. Lakini kabla ya maji kuna swali la kwamba kinaning'inia kwa ajili ya nani, na hapo ndipo desturi hizi zinapoachana.

Nianze na milima ya Alpi, maana haihitaji maneno mengi. Kule chungu ni lazima kwa sababu barafu huua jeraniamu kwa usiku mmoja. Kabla ya baridi kuanza, vyungu hubebwa na kuwekwa ndani, au mimea hutupwa na mingine kununuliwa mwaka unaofuata. Mji wa Bern una soko lake la jeraniamu kila Mei. Watu wa huko huamini pia kwamba harufu ya majani hufukuza inzi dirishani, imani yenye maana kwa wakulima waliolala jirani na mazizi ya ng'ombe. Siku hizi, hata hivyo, maua hutundikwa kwa ajili ya barabara. Ufaransa imefanya jambo hilo kuwa shughuli ya kitaifa: tangu 1959 kuna mashindano ya miji na vijiji vilivyopambwa kwa maua, na kijiji kilichofuzu huwekewa kibao mlangoni chenye ua moja hadi manne. Mwenye nyumba akikaa ndani na kutazama nje, anaona migongo ya maua yake na vikonyo. Uso wa maua ni wa mpita njia.

Córdoba, kusini mwa Hispania, mmea uleule umegeuziwa uso ndani. Nyumba za zamani za mji huo zimezunguka ua wa katikati wenye kisima, mpango wa ujenzi ambao Warumi waliupenda na Waislamu wa Andalusi wakauendeleza, na kuta za ndani zilizopakwa chokaa hujazwa vyungu toka chini hadi ghorofa ya pili. Jeraniamu ya kutambaa, ambayo wao huiita gitanilla, ndiyo inayotawala ukuta. Kwa kuwa vyungu viko juu mno, wamwagiliaji hutumia fimbo ndefu ya tete yenye kopo la bati lililofungwa nchani: unachota maji, unainua, unamimina chungu kimoja baada ya kingine. Mashindano ya nyua hizo yalianza 1921, na mwaka 2012 UNESCO iliziingiza sherehe zake katika urithi wa utamaduni. Mwaka mzima ua ni wa wenyeji. Mwanzoni mwa Mei mlango hufunguliwa na mgeni huruhusiwa kuingia. Kwa Mswahili anayejua nyumba ya mawe yenye kiwanda, yaani ua, ndani na ukuta mtupu nje, adabu hiyo haihitaji mkalimani.

Sasa tuje kwetu. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, ukapita Jaribu Mpakani na Bungu, unaingia Kibiti, mji wa korosho na wa mabasi ya Kusini. Ukikata kuelekea pwani unafika Nyamisati, kwenye gati la vyombo vya Mafia, na mbele yake delta: Salale, Msala, Mbwera, Maparoni, vijiji vilivyokaa baina ya mikoko na mito inayobadili njia. Hapa hutaona jeraniamu zikining'inia barazani. Jibu la haraka ni joto, na joto kweli lina neno. Lakini joto peke yake halielezi kwa nini mahali penye ujuzi mkubwa hivi wa kuinua vitu pasitundike maua.

Kwa maana jambo la kwanza analojifunza mkulima wa Rufiji ni kuinua. Katika bonde la mafuriko watu hujenga dungu, kibanda juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba la mpunga, na kuhamia humo miezi ya kulinda mazao. Kutoka juu wanafukuza ndege mchana na nguruwe usiku, na maji yakija yanapita chini ya sakafu. Mafuriko makubwa ya 1968 ndiyo yaliyoipa serikali sababu ya kuwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye vijiji vya nyanda za juu mwaka uleule na uliofuata, katika Operesheni Rufiji. Wengi waliendelea kushuka mashambani na kujenga madungu yao kama kawaida, kwa sababu rutuba haikuhama nao. Aprili 2024 mto ulifurika tena na kufunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti. Aliyekuwa na kitu juu alikuwa na kitu.

Na ndani ya nyumba kulikuwa na susu. Vijana wa leo waliokulia na friji huenda hawajaiona: kamba za usumba au za ukindu zilizofumwa kama wavu wenye kitako, zikafungwa kwenye boriti ya dari, zikabeba bakuli la mchuzi, samaki wa kukaanga, kibuyu, chochote ambacho paka, panya na sisimizi wangekimaliza kabla ya alfajiri. Kwa umbo, susu haina tofauti na kile kinachouzwa leo mjini kama kishikio cha kisasa cha chungu cha maua: kamba tatu au nne, fundo chini, pete juu. Yaani chombo kilikuwepo, kamba ilikuwepo, fundo lilikuwepo. Kilichotundikwa kilikuwa chakula. Kamwe sidhani huo ulikuwa upungufu wa hisia za urembo, kama wageni wengine walivyopenda kusema kuhusu pwani. Nafasi ya juu ilikuwa adimu, na ilipewa kile ambacho kikipotea nyumba inalala njaa.

Ua lilikaa chini, karibu na mkono. Tazama mrehani: kwenye kopo la maziwa, kwenye sufuria iliyotoboka, kwenye ndoo ya plastiki iliyopasuka mdomo, kando ya mlango wa uani au karibu na mtungi wa maji ili unywe maji ya kunawia. Kopo linazungushiwa vijiti ili kuku wasiparue, na likiharibika linatupwa mmea ukahamia jingine. Mrehani haukuwekwa pale utazamwe. Maua yake madogo hayana la kuonyesha. Umewekwa uchumwe. Tawi linapita kwenye vidole na kutoa harufu, linaingia kwenye kikuba pamoja na asumini na kilua, linakaa kifuani pa bibi harusi, linapelekwa kwenye maulidi. Mlangilangi hukua mti mkubwa nyuma ya nyumba, na maua yake huokotwa na kutiwa katika mafuta au nguo. Kivumbasi, nduguye mrehani, hufukizwa au kuwekwa chumbani kufukuza mbu, na katika delta mbu si jambo la mzaha. Hapo mwanamke wa Msala na mkulima wa Alpi wangeelewana: kila mmoja ana jani lake la kuzuia wadudu dirishani.

Pua ndiyo iliyochagua bustani ya pwani. Jeraniamu ya kutambaa ingeingia katika baraza hilo na kukosa hoja, kwani ua lake halinukii na jani lake lina harufu hafifu ya kijani. Angalia kilichompata ndugu yake mwenye harufu ya waridi, Pelargonium graveolens. Huyo alifika kisiwa cha Réunion, akalimwa mashamba kwa mashamba milimani, na mafuta yake yakawa na jina katika biashara ya manukato ya dunia, kama mlangilangi ulivyokuwa zao la Komoro. Ni kweli kwamba viwanda vya Kifaransa, wala si pua za wenyeji, ndivyo vilivyoamua kilimwe nini Réunion. Hata hivyo inafaa kuona kwamba bahari yetu ilimpa makao wa kunusa na kumpita wa kutazamwa.

Wahindi wana njia ya tatu, ambayo naitaja kwa haraka. Tulsi, jamaa mwingine wa mrehani, huwekwa katikati ya ua juu ya kijukwaa kilichojengwa, na humwagiliwa asubuhi pamoja na sala. Ameinuliwa kwa heshima. Hatundikwi, kwa sababu mtu lazima aweze kumzunguka.

Omani ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu paa lake lilitoka Rufiji. Kwa karne nyingi majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Sur, Kuwait na bandari nyingine za Ghuba, yakaingia mito ya delta, yakapakia boriti za mkoko na mkandaa, kisha yakarudi na kusi. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyesafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939, aliifikia delta hii na kuandika juu ya kazi nzito ya kupakia boriti katika tope na mvua. Kitabu chake kilitoka 1940. Miti hiyo ilikwenda nchi zisizo na miti ya kujengea, na urefu wake ukaamua upana wa vyumba: karibu mita 3, basi. Chumba chembamba cha Maskati na chumba chembamba cha Lamu vilipimwa na mkoko mmoja.

Katika nyumba za Omani kitu kilichotundikwa kilikuwa maji. Jahla ni mtungi wa udongo usiopakwa kitu, mviringo kitakoni, unaofungwa kamba na kuning'inizwa barazani au chini ya mti mahali penye upepo. Wafinyanzi wa Bahla, bara ya Omani, wanajulikana kwa vyombo vya namna hiyo. Maji hupenya polepole kwenye vinyweleo vya udongo, hufika nje, upepo huyakausha, na ukaukaji huo huondoa joto la maji yaliyobaki ndani. Katika nchi ambayo kiangazi hupita nyuzijoto 40, jahla ndiyo iliyomfanya mgeni anywe na kushukuru. Ukiiweka sakafuni inafanya kazi nusu. Lazima hewa iizunguke pande zote.

Sasa umwagiliaji. Upepo uleule unaoipoza jahla ndio unaoua mmea wa kikapuni. Chungu kilichokaa chini kinapata hewa juu tu na ubavuni kidogo. Kilichotundikwa kinapigwa pande zote, na siku ya kusi kali udongo wake unaweza kukauka kabla ya adhuhuri. Wauzaji wa mapambo mjini hukusifia kikapu chepesi cha plastiki nyeusi. Kwa Kibiti ningekikataa. Plastiki nyeusi inavuta jua, mizizi inachemka, na maji yakizidi hayana pa kutokea ila tundu la chini. Chungu cha udongo usiong'arishwa hupumua na kujipoza kwa kanuni ileile ya Bahla, ingawa kitakunywa maji zaidi na kamba yake lazima iwe imara. Susu ya usumba inakitosha, mradi ibadilishwe kabla haijaoza.

Udongo uwe mwepesi: mchanga wa mto, mboji iliyoiva, na makumbi yaliyopondwa. Hapo pana mtego wa pwani. Makumbi ya kusokotea kamba huvundikwa kwenye tope la bahari, na yakitoka huko yamejaa chumvi. Ukiyatia chunguni bila kuyaosha mara kadhaa kwa maji baridi, kingo za majani zitaungua kana kwamba zimepitishwa motoni. Maji ya visima vingi vya delta yana chumvi pia, hasa kiangazi mto unapopungua nguvu na bamvua kusukuma bahari juu. Wakulima wa mpunga wanalijua tatizo hilo kuliko mtu yeyote. Kwa jeraniamu, kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati na uyaweke kwenye pipa.

Mmea wenyewe unapenda mchana wa nyuzijoto kama 20 hadi 24 na usiku wa baridi kuliko hapo. Ndiyo maana katika miinuko kama Lushoto na Arusha hauhitaji kubembelezwa, na Kibiti unahitaji. Hata Julai mchana wa pwani hukaribia nyuzijoto 29, ila usiku hupoa na unyevu hupungua. Kwa hiyo kalenda yake huku ni ya kipupwe. Panda masika yakiisha, utundike upande wa mashariki upate jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa sita. Ikifika Desemba utaacha kuchanua, utarefuka na kupauka; ukate hadi nusu, uusogeze kivulini, upunguze maji na kungoja.

Wakati mbaya zaidi ni masika yenyewe. Udongo umelowa na una joto, hewa imejaa unyevu, mawingu yamefunika. Mizizi inavuta maji lakini majani hayana pa kuyatoa, na seli zinavimba mpaka kupasuka. Chini ya jani hutokea vipele vya maji ambavyo baadaye hukauka na kuwa vigaga vya rangi ya kahawia. Wengi hudhani ni ugonjwa na kupiga dawa. Hakuna mdudu wala ukungu wa kuua hapo. Dawa ni kuuweka chini ya paa mvua isiufikie na kuacha udongo ukauke kidogo juu kabla ya kumwagilia tena. Katika suala hili jeraniamu za kutambaa ni dhaifu kuliko zile za kusimama.

Kuongeza mimea ni rahisi. Kata ncha ya urefu wa sentimita 7 hadi 10 chini kidogo ya fundo, ondoa majani ya chini, ichomeke kwenye mchanga uliolowa kiasi, kivulini. Baada ya wiki tatu au nne itakuwa na mizizi. Ikianza kukua, ikate ncha ili itoe matawi. Usipofanya hivyo utapata kamba moja ndefu yenye maua mwishoni.

Kazi hiyo ndogo ya kukata ncha, Afrika Mashariki inaifanya kwa wingi usiosemwa. Vipandikizi vingi vya jeraniamu za Ulaya huzaliwa katika mabanda ya Kenya, Uganda na Ethiopia, ambako hali ya hewa ya miinuko hairuhusu barafu kuvuruga ratiba. Wafanyakazi, wengi wao wanawake, hukata ncha moja moja kwa mkono, huzihesabu katika mifuko, na masanduku yenye ubaridi hupanda ndege katika miezi ambayo kaskazini ni theluji. Huko zinaoteshwa mizizi, na Mei zinauzwa sokoni. Mwaka 2003 Marekani iligundua katika jeraniamu zilizotokana na vipandikizi vya Kenya bakteria wa mnyauko, Ralstonia, wa aina inayoshambulia viazi na nyanya kwenye nchi za baridi, ambayo sheria yake ilikuwa imeiweka kati ya vimelea vinavyoweza kutumiwa kama silaha. Mimea mingi ikateketezwa. Wakulima wa nyanya wa kwetu wanaujua mnyauko kwa macho: mche wenye afya asubuhi, umelala jioni. Kwa sababu hiyo sitaiweka jeraniamu ya kununua jirani na tuta la nyanya, wala sitatumia kisu kimoja kwa vyote viwili bila kukichoma moto.

Hapo ndipo ninapotatizika na wanaosema tuurudishe mmea huu nyumbani kwa sababu ni wa Afrika. Rasi ya Mashariki iko mbali na Rufiji, kwa hali ya hewa na kwa desturi; uraia wa bara hauipi mimea udugu. Na uliorudi si ule uliotafunwa kwa ajili ya koo. Umechujwa kwa zaidi ya karne mbili ili uwe na maua makubwa na rangi kali, yaani umefunzwa kutazamwa kutoka barabarani. Ukiutundika Kibiti unautundika pamoja na mafunzo hayo.

Lakini baraza za Kibiti nazo zinabadilika. Nyumba za tofali zimepata varanda ya mbele yenye nguzo na uzio wa chuma, chakula kimehamia kwenye friji, na ndoano iliyobeba susu, kama bado ipo, haina kazi. Nafasi ya juu imekuwa wazi kwa mara ya kwanza. Bustani za miche kando ya barabara za Dar es Salaam zinauza vyungu vya kutundika vyenye mimea ya majani ya moyo na mabaka ya njano, ambayo haitoi ua wala harufu na haiogopi kusahauliwa. Hiyo ndiyo inayoshinda sasa, na inashinda kwa sababu haidai chochote. Mtu akitaka jeraniamu badala yake, na akiwa na paa la bati na pipa, inawezekana. Itampa maua kutoka Juni hadi Septemba. Miezi iliyobaki atakuwa akiitunza kwa maji ya mvua ambayo mrehani ulio kwenye kopo chini yake hauyaombi, na ataamua mwenyewe kama mpita njia anastahili gharama hiyo.